Askari Aliyeipa Ajali Mgongo

Usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Lori lililotutangulia lilipasukiwa tairi, rafiki yangu akakanyaga ganda la mpira lililobaki njiani. Gari likayumba, likajibamiza kwenye kingo za chuma, likazimika nusu lami, nusu pembeni. Hatukuumia. Tukashuka, tukasimama kwenye buti kukagua hasara, kama wafanyavyo watu wote.

Doria ilifika upesi. Nilitegemea maswali ya kawaida, leseni na mwendo, lakini trafiki yule hata gari hakulitazama.

“Mmeumia?”

“Hapana, afande.”

“Basi rukeni hicho chuma, mpande huko juu.”

Tukaruka, tukasimama usawa wa boneti. Akafoka: “Siyo hapo! Rudini nyuma ya gari. Likigongwa litasukumwa mbele, liwakute hapo hapo.”

Niliudhika kidogo. Nani alikuwa anaongelea kugongwa tena, na yetu hatujaimaliza?

Gari lao walikuwa wameliegesha mbali nyuma ya letu, kimshazari, vimulimuli vikiwaka, matairi ya mbele yamegeuzwa pembeni ili likigongwa lisije moja kwa moja tulipokuwa. Kutoka hapo akaanza kupanga koni, akiwatazama wanaokuja. Sisi alitupa mgongo. Magari hakuyapa hata mara moja. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde, na dereva hajagusa breki bado.

Koni hazijamaliza kupangwa, kigari kidogo kikaja. Kwa mwanga wa vimulimuli niliuona uso wa dereva: kageuza shingo, anatushangaa sisi. Akazoa koni tatu, moja ikanasa chini ya gari ikiburuzwa na kupiga kelele za ajabu. Trafiki aliruka pembeni, akangoja kidogo, akarudi kupanga nyingine mahali pale pale. Hapo udhi wangu wote ukaniisha.

Lile ganda lilikuwa bado katikati ya barabara. Hakulikimbilia. Aliongea na redio, tukangoja. Huko nyuma gari la pili la doria lilikuwa linakuja polepole, likihama njia hii kwenda ile, msafara mzima ukilazimika kulifuata kwa mwendo wa harusi. Honi zilipigwa, na nina hakika matusi pia. Mbele ya msafara barabara ikawa tupu. Ndipo alipokimbia, akaliburuta ganda mpaka pembeni, akarudi kufagia vioo.

Kupima alama za breki na kuandika maelezo kulikuja baadaye, kukaisha haraka. Gari letu lilipovutwa, akaanza kuokota koni, akianzia ile ya karibu nasi na kurudi nyuma kuyaelekea magari. Nikamwuliza mbona asianze na za mbali, aje akimalizia huku.

“Nikianza na zile,” akasema bila kugeuka, “hizi zitanikinga na nini?”