Siku moja maishani mwangu: mtu wa mabati chakavu, Bagamoyo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo barabarani na toroli. Nawahi saiti kabla ya wanunuzi wa skrepa, maana wao wana mizani na mimi nina maneno tu. Leo nimepata vipande vya nondo, waya wa kufungia, na huko Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo kipande cha boriti ya mkoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya zamani: mti ulipoishia, mita tatu hata hazifiki, ukuta ukaanzia hapo.

Saa mbili hadi saa nne, kung'oa misumari.

Saa nne akaja mteja na gari, katokea Dar, anataka kitu cha sebuleni. Nikamtolea bati nililomaliza juzi. Lilikuwa paa la jiko la mama jirani: katikati masizi mazito, yanafifia kwenda pembeni mpaka rangi ya chai. Nimelishona kwa waya kwenye fremu ya nondo. Wiki tatu hizo.

"Hii ni nini?"

"Bati, bosi."

"Bati naliona. Picha iko wapi?"

Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wakipita huuliza nimelikunjaje bila kupasuka. Huyu akauliza kama siwezi kumwekea simba hapo katikati. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akalipiga picha, akamtumia mkewe, tukakaa kumsubiri mke. Jua likapanda, kivuli cha mwembe kikatuhama, mke kimya. Alipojibu, swali likawa: halitachafua ukuta? Bwana akalamba kidole, akasugua masizi. Hayakutoka, nimeyapigia vanishi mara mbili. Akasugua tena, mahali pengine.

Nikataja laki tatu.

"Laki tatu? Hiyo si naezeka banda zima!"

Nilitaka kumwambia akaezeke. Kodi ya chumba ikanifunga mdomo. Akaondoka na "nitakupigia".

Mchana sijui ulikwendaje. Nimejikata kiganja, nimefunga kitambaa, nimeendelea kukata nondo kwa msumeno wa mkono kwa sababu umeme haukuwepo. Kula nimekula, nadhani mihogo.

Giza linaingia, mama jirani huyo. Shikamoo, marahaba. Akasimama mbele ya bati, akaligusa pale peusi.

"Hapa ndipo yalipokuwa mafiga yangu," akasema. Akainamisha kichwa, akatazama tena, muda mrefu kuliko yule wa gari.

Kisha akanigeukia. "Na ile elfu mbili yangu iliyobaki, mwanangu?"