Androjeni Zilizozidi: Nilivyozidhibiti Nikiwa Lamu

Kwa miaka kadhaa nilimaliza Ramadhani bila deni la hata siku moja, na wanawake wa ukoo wetu walilihesabu jambo hilo kuwa neema. Mwanamke anayepata hedhi kila mwezi hula siku zake na kuzilipa baadaye. Yangu ilikuja ilipotaka, pengine baada ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo mara nyingi Mfungo Mosi uliniingilia nikiwa sina cha kulipa. Aliyeona kasoro ndani ya sifa hizo ni shangazi yangu, aliyewahi kuwa mkunga mtaani kwetu. Aliniambia, "Mwanangu, mwanamke wa umri wako, hana mimba wala hanyonyeshi, naye hana deni la saumu, huyo aende akapimwe."

Wakati huo kidevuni nilikuwa na nywele nzito ambazo dada mmoja wa mtaa wa Langoni alizitoa kwa uzi, na chunusi za taya zisizosikia liwa wala manjano. Nyuma ya shingo ngozi yangu ilikuwa nyeusi na nene, nayo ilisuguliwa kwa dodoki tangu nikiwa msichana kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu. Daktari aliyenipokea aliitazama shingo kabla ya kidevu. Alisema kwamba weusi wa namna hiyo mara nyingi huonyesha kuwa mwili unatoa insulini nyingi kupita kiasi kwa sababu hauiitikii ipasavyo, na kwamba huenda insulini hiyo ndiyo iliyokuwa ikizipandisha androjeni zangu.

Maelezo yake yalinifaa kuliko dawa yoyote niliyoandikiwa baadaye. Androjeni, ambazo testosteroni ni mojawapo, si homoni za wanaume peke yao. Ovari na tezi za adrenali za kila mwanamke huzitengeneza, nazo husaidia mifupa, misuli na hamu ya tendo la ndoa. Hata estrojeni, tunayoihesabu kuwa homoni ya kike, mwili huitengeneza kutokana na androjeni. Matatizo huanza zinapozidi. Insulini ikiwa nyingi huzichochea ovari kutoa testosteroni zaidi, na papo hapo hulifanya ini kupunguza protini inayoishika testosteroni katika damu. Testosteroni iliyoshikwa na protini hiyo haifanyi kazi, mfano wa jahazi lililofungwa gatini; protini ikipungua, homoni huachiwa na kuifikia mizizi ya nywele, tezi za mafuta ya ngozi na ovari zenyewe, ambako mayai huanza kukua kisha hukwama kabla ya kupevuka. Yai lisipopevuka, projesteroni haitoki, na hedhi huchelewa. Vile vijifuko vinavyoonekana katika ultrasaundi ni vya mayai yaliyokwama, wala si uvimbe wa kupasuliwa, jambo ambalo ningependa kila binti aambiwe kabla ya kutishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana hali hii, ambayo hospitalini huitwa kwa herufi PCOS (kwa Kiingereza polycystic ovary syndrome, yaani hali ya ovari zenye vijifuko vingi), na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajagunduliwa.

Vipimo vilifanywa kabla ya kuandikiwa dawa, nami nashukuru kwa utaratibu huo. Hedhi kupotea na nywele kuota vina sababu nyingine pia, kwa hiyo damu yangu ilipimwa homoni za tezi ya shingo, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, testosteroni, na homoni moja ya adrenali ambayo huchukuliwa asubuhi mapema. Baadhi ya sampuli zilipelekwa Mombasa. Daktari aliniuliza pia kama sauti yangu ilikuwa imekuwa nzito, au kama nywele zilizuka ghafla katika muda wa miezi michache, kwa kuwa dalili hizo huweza kuashiria uvimbe unaotoa homoni, na mwenye nazo hapaswi kungoja. Mwisho nilinywa gramu 75 za glukosi, na baada ya saa mbili sukari yangu ikawa milimoli 9.1 kwa lita. Chini ya 7.8 ni kawaida, na kuanzia 11.1 ni kisukari. Mimi nilikuwa katikati.

Lengo la kwanza nililopewa lilikuwa kupunguza asilimia 5 ya uzito, ambayo kwangu ilikuwa kilo nne. Kwa maneno ni jambo jepesi. Katika nyumba ya Lamu, ambapo chai huja na sukari yake na mahamri hayaji mawili, ni shughuli ya kila siku. Sikuacha chakula chetu, kwani chakula cha kigeni kisingedumu nyumbani mwangu hata wiki. Nilibakiza mbaazi za nazi na kuchukua hamri moja. Nilianza kwa samaki na mboga, kisha nikala wali kidogo, mpango ambao hupunguza kasi ya sukari kupanda na ambao haumvunjii heshima mwenye karamu. Chai bila sukari ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko yote. Jioni nilitembea kando ya bahari kwenda Shela, yapata kilomita tatu, na siku za bamvua nilingoja maji yatoke. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila kuhitaji insulini nyingi, kwa hiyo matembezi yalinifaa hata katika miezi ambayo mizani haikusogea.

Kwa upande wa dawa, njia iliyozoeleka ya kushusha androjeni ni vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, lakini shinikizo langu la damu lilikuwa juu, navyo havikunifaa. Spironolaktoni, ambayo huzuia androjeni zisifanye kazi kwenye ngozi, huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni, nasi tulikuwa tukitafuta mtoto, kwa hiyo nayo iliwekwa kando. Nilianza metfomini, dawa inayousaidia mwili kuiitikia insulini, kwa kiwango kidogo pamoja na chakula, kikapandishwa polepole kwa sababu huvuruga tumbo, na katika Ramadhani niliimeza wakati wa futari na wa daku kwa ushauri wa daktari. Kila miezi mitatu ilipopita bila hedhi, nilipewa vidonge vya projesteroni kwa siku chache ili utando wa mji wa mimba utoke, kwani ukiachwa unenepe kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani. Hatari hiyo ndiyo iliyoniogopesha, si nywele. Uwatu wa shangazi sikuukataa, ila nilimwarifu daktari, kwa kuwa nao huweza kushusha sukari.

Kabla ya mwaka kwisha hedhi ilianza kuja kwa mpango, ingawa kwa kuchelewa kidogo, na sukari ya saa mbili ilishuka hadi 7.2. Chunusi zilipungua. Nywele za kidevuni zimepunguza kasi lakini hazijaondoka, kwa sababu unywele uliokwisha kugeuka kuwa mzito haurudi kuwa malaika kwa urahisi hata homoni ikishuka, na dada wa Langoni bado ananiona, ila si kila wiki. Mimba haijashika, daktari ametaja letrozoli, dawa inayosaidia yai kupevuka, nasi tunaizungumzia.

Sukari hupimwa tena kila mwaka. Kipimo cha mwaka huu nimeomba kiwe mara baada ya Idi, ili daktari aone hali yangu baada ya mwezi mzima wa kaimati na tambi, si baada ya wiki mbili za kujiandaa.