Kabla ya Kulilaumu Gari

Leo asubuhi limeletwa gari dogo ambalo taa yake ya injini ilikuwa imekaa ikiwaka kwenye dashibodi kwa siku kadhaa. Nilichomeka plagi ya skana, kifaa cha kusomea hitilafu za gari, kwenye soketi ya uchunguzi, ile ya OBD-II iliyo chini ya usukani, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikasubiri. Skana iliwaka, ikaonyesha nembo yake, ikatafuta kwa muda, kisha ikaleta yale maandishi ambayo kila fundi wa umeme wa magari anayafahamu: hakuna mawasiliano na gari. Mwanagenzi wangu, ambaye sasa ana mwezi wa tano katika kazi hii, aliinama akayasoma, akasema, "Fundi, kontroli boksi imekufa," yaani kompyuta inayoongoza injini.

Sikumkemea, kwa kuwa maneno hayo niliwahi kuyatamka mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimwambia mwenye gari kwamba kontroli boksi yake imeharibika, naye akaniamini, akahangaika hadi akapata nyingine. Nilipoifunga, skana iliendelea kusema vilevile. Siku mbili baadaye, nilipokuwa nikikunja kebo ya skana huku bado imechomekwa, mawasiliano yalirudi ghafla, na hapo ndipo nilipotambua kwamba waya mmoja ulikuwa umekatikia ndani ya ganda, karibu na shingo ya plagi, mahali ambapo kebo hupinda kila siku. Gharama zake nilimrudishia yule bwana, lakini hakuja kwangu tena, na kila ninapoona maandishi yale kwenye kioo humkumbuka. Tangu wakati huo nimejiwekea sharti moja, kwamba skana ikinyamaza, mshukiwa wa kwanza ni skana yenyewe na kebo yake, na gari hufuata baadaye.

Kwa hiyo nilimwambia kijana aichomoe tuijaribu kwenye gari jingine lililokuwa limesimama pembeni, la mwaka 2003. Ikaunganika mara moja na kusoma bila tatizo. Alitabasamu kama mtu aliyethibitishiwa jambo, nami nikaona kwamba hapo ndipo penye somo la leo, kwa sababu jaribio lile lilikuwa limethibitisha machache sana kuliko alivyodhani.

Soketi ya OBD-II ina nafasi 16 za pini, na magari hayazitumii zote kwa namna moja. Pini ya 16 huleta umeme wa betri wakati wote, hata swichi ikiwa imefungwa. Pini ya 4 na ya 5 ni za ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hizo ndizo zinazoiwasha skana. Mazungumzo yenyewe hupita kwingine. Magari mengi ya miaka ile yalizungumza kupitia waya mmoja kwenye pini ya 7, ilhali magari ya baadaye hutumia CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za gari, wenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kufika kwenye pini ya 6 na ya 14. Marekani ilidai soketi hii kwenye magari madogo kuanzia modeli za mwaka 1996, lakini ni modeli za 2008 ndizo zilizolazimishwa kule kutumia CAN pekee, na katikati ya miaka hiyo lugha zilikuwa nyingi. Gari letu la pembeni lilizungumza kwa pini ya 7, na mgonjwa wetu wa leo, lile gari dogo, huzungumza kwa pini ya 6 na ya 14. Tulikuwa tumethibitisha kwamba umeme, ethi na waya wa pini ya 7 ni vizima. Kuhusu nyaya zilizohitajika leo, tulikuwa bado gizani.

Tulirudi kwenye gari lenyewe na multimita, kifaa cha kupimia umeme. Kabla ya kupima chochote niliigusisha multimita kwenye betri ninayoijua, nikagusanisha ncha zake mbili nikaona ukinzani usiofika nusu omu, ndipo nikaanza. Wengi huruka hatua hii. Multimita iliyochoka betri inaweza kutoa namba zisizo za kweli kwa utulivu uleule inaotumia kutoa namba za kweli, na waya wake ukikatika ndani huonyesha sifuri ambayo fundi ataitafsiri kuwa gari halina umeme. Pini ya 16 ilitoa volti 12.4, na ethi ilikuwa nzuri. Kama pini ya 16 ingekosa umeme, ningeanzia kwenye fyuzi, kwani katika magari mengi fyuzi hiyo ndiyo pia inayolisha soketi ya kuwashia sigara, na mtu akichomeka chaja mbovu pale, fyuzi huungua na skana ya fundi ikabaki giza bila skana yenyewe kuwa na kosa.

Kisha tulifungua betri, tukasubiri kidogo, tukapima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Namba ilikuwa 60, na nilifurahi kumweleza kijana kwa nini. Katika kila mwisho wa mtandao wa CAN kuna kikinzani cha omu 120, na viwili hivyo vikiwa sambamba hutoa 60. Tungepata 120, tungejua kwamba kimoja hakifikiwi, pengine waya umekatika mahali. Tungepata namba iliyo karibu na sifuri, tungejua nyaya mbili zimegusana. (Yapo magari yenye lango la mawasiliano kati ya soketi na mtandao wa ndani, na hayo yanaweza kutoa namba nyingine bila ya kuwa mabovu, kwa hiyo mchoro wa gari husika lazima usomwe kwanza.) Baada ya kurudisha betri na kufungua swichi, pini ya 6 ilikuwa juu kidogo ya volti 2.5 na pini ya 14 chini yake kidogo, kama inavyopaswa kuonekana kwenye multimita pale mtandao unapofanya kazi. Gari lilikuwa likizungumza. Sisi ndio tuliokuwa hatulisikii.

Sasa ikaja zamu ya kebo. Kebo ya skana yangu ina plagi ya pini 16 upande mmoja na plagi ya pini 15 upande mwingine, na mpangilio wa pini haufanani, kwa hiyo mtu hawezi kukisia tu ni ipi inaenda wapi. Nashukuru kwamba nilipoipata kebo hii ikiwa mpya nilikaa nayo jioni moja, nikapima pini hadi pini na kuchora ramani yake kwenye daftari. Leo tulifuata ramani hiyo. Waya wa pini ya 6 ulikuwa mzima. Wa pini ya 14 ulionekana mzima pia, hadi nilipomwambia kijana aipinde kebo polepole karibu na shingo ya plagi, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Multimita iliyokuwa ikilia ikanyamaza, ikalia, ikanyamaza. Alinitazama bila kusema neno, na nadhani wakati ule alielewa zaidi ya ambavyo ningeweza kumfundisha kwa mwezi mzima.

Nilikaa nikifikiri kebo hii imefikaje hapa, maana si ya zamani sana. Ninajua jibu. Tunapomaliza kazi tunavuta kebo badala ya kushika plagi yenyewe, tunaizungushia skana kwa kuikaza kama kamba ya mzigo, na mara nyingine tunafunga mlango wa gari juu yake. Nyuzi za shaba zilizomo ndani ni nyembamba, na kila mkunjo mkali unaorudiwa mahali palepale hukata chache. Kuanzia leo kebo itakunjwa kwa duara pana, itaning'inizwa peke yake, na plagi itachomolewa kwa kushikwa kichwa chake.

Soketi ya gari nayo inastahili heshima. Upande wa gari una vishimo vyenye vibano vidogo vinavyoikumbatia pini ya skana, na fundi anayelazimisha ncha nene ya multimita ndani yake hupanua vibano hivyo, gari likaondoka na ugonjwa ambao halikuja nao: leo linaunganika, kesho halitaki. Ninazo ncha nyembamba nilizotengenezea kazi hii tu. Kuhusu malori ya volti 24, soketi yake imetofautishwa kidogo kwa umbo ili plagi ya kifaa cha volti 12 isiingie, na plagi ikikataa kuingia, fundi asiichonge wala kuilazimisha, kwa kuwa volti zile zinaweza kuiua skana papo hapo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni umeme dhaifu. Betri ya gari iliyochoka hushuka chini ya volti 10 wakati wa kupiga starta, na skana iliyochomekwa inaweza kujizima katikati ya kazi. Wakati wa kusoma misimbo ya hitilafu hilo ni usumbufu tu, lakini wakati wa kuingiza programu mpya kwenye kontroli boksi ni hatari, maana programu iliyoingia nusu inaweza kuiacha kontroli boksi bila uhai. Siku hizi sianzi kazi hiyo bila chaja imara inayoshikilia volti zisitetereke hadi mwisho, na ninapoongeza programu ya skana yenyewe huhakikisha kwanza kwamba betri yake imejaa.

Usafi ni jambo fupi: kitambaa laini, spiriti kidogo kwenye pini, na kamwe si dawa ya kusafishia breki, ambayo huyeyusha baadhi ya plastiki na kutia ukungu kwenye kioo. Multimita isiyotumika kwa muda mrefu itolewe betri zake, kwani betri za alkali huvuja na kula vibati vya ndani.

Kwa kebo ya akiba, gari lilizungumza mara ya kwanza. Msimbo ulikuwa P0135, yaani saketi ya kipasha joto cha sensa ya oksijeni, na tulipofuatilia tulikuta fyuzi yake imeungua kwa sababu waya ulikuwa umelalia bomba la moshi. Tuliuhamisha na kuufunika upya, tukabadilisha fyuzi, na taa haijarudi baada ya safari mbili za majaribio. Mwenye gari alipokuja kulichukua nilimweleza kila kitu, hata sehemu ya kebo yangu.

Jioni kijana aliniomba ile kebo mbovu. Ameikata kwenye shingo, akaichuna ganda, na nilipomwacha alikuwa ameinama kwenye mwanga wa taa, akitafuta mahali penyewe ambapo waya wa pini ya 14 ulikatikia.