Coroico, Alikofungwa Mamani

Magari ya Coroico, mji mdogo wa Bolivia, hupakia Villa Fátima, upande wa juu wa La Paz. Ni vipanya kama vyetu, na haviondoki mpaka vijae. Tulipofika La Cumbre, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, kichwa kilikuwa kinanigonga na vidole vimekufa ganzi. Dereva alishuka akamwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, mama wa ardhi. Nilimkodolea macho nihakikishe haonji. Kisha ni mteremko mtupu: ukungu, maporomoko, halafu ghafla joto, migomba, kahawa na mashamba ya koka.

Nilifuata nyayo za marehemu Manuel Incra Mamani, Mwaymara, yaani mwenyeji wa asili wa milima ya Andes, aliyeishi kwa kutafuta mikwinini porini, miti ambayo magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Kwetu Muheza, ukipanda Amani, Wajerumani waliijaribu miti hiyo, ndiyo maana habari zake zilinivuta. Sokoni Coroico nilipomtaja, muuza machungwa alicheka: “Mamani yupi? Hapa wamejaa!”

Mikwinini iko ya namna nyingi, na mingi magome yake hayana dawa ya maana. Mamani alijua upi ni upi. Mwajiri wake, mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger, alimtuma mbegu za ile bora, ingawa kuzitoa Bolivia kulikatazwa. Baridi ya Aprili ikaua matunda machanga mwaka baada ya mwaka, Mamani akasubiri. Mwaka 1865 ndipo alipozifikisha Tacna, Peru, ng’ambo ya Andes.

Mkulima mmoja alinionyesha tunda lililokauka. Ni dogo, refu, linapasuka kuanzia kwenye kikonyo, na ndani mna mbegu bapa zenye ubawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilipohema tu, nusu zikapeperuka. Kuzivusha milima ile bila kuzilowesha wala kuziozesha si kazi ya mbeba mizigo, ni kazi ya bingwa.

Ledger alizipeleka kuuzwa Ulaya. Waingereza walizikataa. Waholanzi wakanunua kiasi kidogo, wakapanda Java, kisiwa cha Indonesia walichokitawala, na magome yakatoa kwinini asilimia 10 na zaidi. Kufikia miaka ya 1930, karibu kwinini yote ya dunia ilitoka huko. Mti ukaitwa Cinchona ledgeriana.

Ledger alimtuma tena. Safari hiyo Mamani alikamatwa na mbegu, na mkuu wa Coroico akamtia ndani siku kama 20, akipigwa ataje mbegu ni za nani, chakula cha kubahatisha. Alipoachiwa alikuwa ameporwa punda na mablanketi, na hakuishi sana. Mimi siibezi sheria ile: mbegu zilipotoka, biashara ya magome ya Andes iliporomoka kweli. Ila kipigo kilimpata aliyetumwa. Aliyemtuma alizeeka Australia, na serikali ya Uholanzi ikampa pensheni.