Kofia nyeupe katika jua la saa saba

Jana baada ya adhuhuri niliitandaza kanzu nyeupe uani, nikaweka juu yake kofia yangu ya viua, kisha nikaipiga picha mfululizo, kamera ikiwa kwenye stendi na kila picha ikihifadhiwa mara mbili: JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza, na RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla ya kutengenezwa. Nilitaka kulimaliza swali lililonikaa moyoni tangu harusi niliyoipiga Lamu, ambako babu wa bwana harusi aliketi barazani juani, amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa subira ya miezi. Niliongeza mwanga ili uso wake uonekane vizuri, na kamera ilikuwa ikihifadhi JPEG peke yake. Uso niliupata, lakini kofia iliungua ikawa doa jeupe lisilo na kitundu hata kimoja, na hakuna programu iliyoweza kurudisha ushonaji ule, kwa kuwa haukuwamo tena ndani ya faili.

Kipimo cha mwanga cha kamera hukichukulia kila kitu kuwa na weupe wa wastani, kwa hiyo picha ya kwanza, niliyoifuata kamera bila kuongeza chochote, ilitoa kofia ya kijivu. Nilipoongeza stopu moja na nusu (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), JPEG ilipendeza: weupe ulikuwa weupe, na viua vilihesabika. Kwenye stopu mbili na nusu JPEG ilipoteza viua vyote, ilhali RAW ya picha ileile, nilipoipunguza mwanga kwenye kompyuta, ilivirudisha kimoja kimoja, na kivuli cha mkunjo wa kanzu kikatoka safi kuliko katika picha nyingine yoyote. Stopu moja zaidi, zote mbili zikaungua. Mpaka huo ni wa kamera yangu. Kila kamera ina wake.

Sababu yake naielewa vizuri zaidi sasa. JPEG ya kawaida ina biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi, na kamera huwa imekwisha kuamua weupe, ukolezi na rangi kabla ya kuiandika, kisha hutupa yaliyobaki. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na nusu yake hutumika kuandika stopu moja tu ya juu kabisa, ile yenye mwanga mwingi. Zaidi ya hesabu hiyo, kihisi, yaani sehemu ya kamera inayonasa mwanga, kikipokea mwanga mwingi hutoa chenga (vidoa vya ovyo) chache vivulini. Ndiyo maana RAW hupigwa kwa mwanga mwingi kadiri inavyowezekana bila kuunguza kitu muhimu, hata kama kwenye kioo cha nyuma picha inaonekana imepauka, na JPEG hupigwa jinsi unavyotaka ionekane, ukiulinda weupe kwanza. Mwanga huo wa ziada sharti utoke kwenye lenzi iliyofunguliwa zaidi au shata (pazia la kamera) iliyopunguzwa kasi, kwani kupandisha ISO, yaani kukuza ishara ya kihisi, hakukiongezei kihisi mwanga wowote.

Jambo lililonisumbua zaidi ni histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mwanga ulivyogawanyika katika picha. Hata unapopiga RAW, kamera huichora kutokana na JPEG ndogo iliyoitengeneza kwa ajili ya kioo, hivyo huweza kukuonya kwamba weupe umeungua wakati bado upo. Upande wa pili, histogramu ya mwangaza pekee huweza kuonekana salama huku rangi moja imekwisha kujaa. Nimeyaona hayo kwenye khanga nyekundu, ambapo nyekundu hujaa mapema na maua yake hugeuka bapa. Sasa ninafungua histogramu ya rangi tatu, na nyekundu ndiyo ninayoitazama kwanza.

Sikubaliani na wanaosema JPEG haifai. Familia inayotaka picha usiku uleule inastahili kuzipata, na barazani kwenye kivuli kilichotulia JPEG iliyopimwa vyema haina upungufu ninaouona. Ila uamuzi wa aina ya faili lazima utangulie kipimo cha mwanga, kwa sababu picha iliyopimwa kwa ajili ya RAW, ikihifadhiwa JPEG, ndiyo iliyoipoteza kofia ya babu. Ijumaa nina harusi nyingine. Wazee wakikaa juani nitapiga RAW, nitaongeza stopu mbili juu ya kipimo cha kofia, na sitaziamini rangi za kioo mpaka nifike nyumbani.