Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Tacoma, Jumamosi ya kuamkia Lotu Tamaiti

Saa 12:00 asubuhi. Tacoma, mji wa jimbo la Washington huku Marekani, Oktoba hii bado giza, manyunyu yanapiga kioo cha duka. Natia pasi moto, napiga brashi vumbi la nyuzi chini ya meno ya cherehani. Watu wakisikia fundi cherehani Marekani hudhani nashona magauni kutwa. Riziki yangu hasa ni kukata suruali, kubadili zipu na kubana viuno. Nguo mpya ni neema, na leo ninazo 10, zote nyeupe, za familia moja ya Kisamoa, watu wa visiwa vya Samoa kwenye Bahari ya Pasifiki.

Kesho ni Jumapili ya pili ya Oktoba, Lotu Tamaiti, sikukuu ya watoto wao. Siku hiyo watoto ndio wanaoshika ibada: wanasoma aya kwa moyo, wanaimba, wanaigiza visa vya Biblia. Wakirudi nyumbani wanakula wao kwanza, wakubwa wakiwahudumia. Wasichana nimewashonea puletasi, blauzi ya kubana juu ya sketi ndefu. Wavulana ni shati na ie faitaga, ambayo kwa mtu wa Tanga ni kama msuli uliotiwa mkanda na mifuko.

Saa 1:00 hadi saa 4:00. Pindo 6, zipu 2, kola 1.

Saa 4:20. Anaingia mteja na gauni la hariri nililolipunguza wiki iliyopita. Siku ya kupima nilimwomba aje na viatu atakavyovaa. Akasema hakuna haja. Nikabana pini, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akaridhika. Leo kaja na visigino virefu, gauni limepanda, na eti kosa ni langu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nilimwachia vidole 2 vya kitambaa ndani ya pindo. Fundi yeyote aliyefunzwa vizuri huacha akiba hiyo. Hakunijibu. Kaweka simu kwenye spika, akawa anamsimulia mwenzake habari zangu nami nimeinama mbele yake: huyu jamaa, huyu mtu wa hapa. Nikafumua mshono mmoja mmoja, maana hariri haivutwi. Alama ya pindo la zamani haikutaka kutoka, nikaipoza kwa kitambaa chenye siki na maji kisha pasi ya mbali. Akauliza mara 4 kama imeisha. Dakika 50 zilikwenda. Akalijaribu, akalivua, akachukua, akatoka bila senti wala asante.

Na hasira ni mkosi wa mshonaji. Kama saa 8 hivi, nikikimbiza shati la mwisho la wale watoto kwenye ovaloki, mashine inayokata na kufunga kingo za kitambaa, kitambaa kilijikunja chini nisione. Kisu kikala ubavu wa shati, tundu la kupitisha vidole vitatu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha.

Nilimpigia simu bibi wa wale watoto wa Kisamoa nikamweleza kweli tupu. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Fundi, umekula?"

Hilo neno fundi, mji huu mzima analitumia yeye na watu wake tu. Walipokuja mara ya kwanza aliniuliza kwetu mtu wa kazi yangu anaitwaje. Nilipomwambia, akasema kwao Samoa bingwa wa kazi ya mikono, kama mjenzi wa nyumba au mchora tatuu, huitwa tufuga, na aliyemwita kazini humlisha mpaka kazi iishe. Tangu siku hiyo hawaji mikono mitupu. Nilikuwa nikidhani ni huruma kwa mgeni. Siyo. Ni adabu kwa kazi.

Sikuangalia saa walipofika. Bibi, binti yake, wajukuu wanne, mita 2 za kitambaa walizonunua njiani, na sinia lililofunikwa karatasi ya fedha. Mvulana wa miaka 9 ilibidi apite kati yangu na bibi yake kwenda kujaribu nguo. Akainama karibu magoti yaguse sakafu, mkono mmoja chini, akasema taratibu, "Tulou." Samahani, napita mbele yenu. Mama yangu angemkumbatia mtoto huyo.

Binti akajivutia kiti, akachukua sindano, akaanza kupachika vifungo bila kuombwa. Mimi nikakata shati jipya. Bibi akalishika lile bovu, akapitisha kidole kwenye tundu, akaligeuza huku na huku. "Likate limfae huyu mdogo," akasema, "tundu litabaki kwenye mabaki." Akampakata mjukuu wa miaka 2, ambaye hakuwa kwenye oda. Kweli, likatosha. Nikamwambia hilo ni langu, asilipe. Akahesabu noti za nguo 11, akazilaza chini ya mkasi wangu.

Walipoondoka giza lilishaingia. Nikafunua sinia: palusami, majani machanga ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito la nazi, na magimbi yenyewe pembeni. Nimekula kwa mkono nikiwa nimesimama, nyuzi nyeupe zimejaa mikono ya sweta. Ladha ya tui ile ilinifikisha jikoni kwetu Tanga.

Bibi kaniachia kikaratasi chenye saa ya ibada. Pasi ilikuwa bado moto. Nikatoa shati langu jeupe, nikalinyoosha kola.