Simama Nje

Bwana asifiwe, wapendwa. Andiko la juma hili ni Kumbukumbu la Torati 24:10-15. Tulisome polepole, hasa sisi tunaoishi ng'ambo huku nyumba ya familia iko Uganda na wapangaji wamo ndani.

Musa anawaambia watu kwamba ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, mwenyewe akutolee. Na kama ni maskini, usilale ukiwa na rehani yake. Mrudishie jua linapokuchwa, apate kulala na vazi lake.

Sisi tuliokulia kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Tororo tulifundishwa jambo hili kabla ya kujua kusoma. Unafika mlangoni, unapiga hodi, unangoja kukaribishwa. Hata kama mlango uko wazi. Hata kama unamwona mwenyewe amekaa. Hodi ya tatu isipojibiwa, unarudi ulikotoka. Baba yangu, aliyekuwa mtu wa reli tangu kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, alipiga hodi hata kwenye vyumba alivyovijenga kwa mikono yake: vyumba sita kwa safu nyuma ya nyumba yetu, vile ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo. Alikuwa anasimama nje, kofia mkononi. Nilidhani ni upole wake tu.

Baba alifariki. Mama akahamia kwa dada yangu Mbale, nami niko Uingereza nikitunza wazee wa watu. Kodi ya vyumba vile ndiyo dawa ya presha ya mama. Nasema hivi ili mjue kwamba sikuwa natafuta utajiri. Kodi isipofika, dada ananipigia, nami natoa kwenye mshahara ambao umekwisha kugawanywa. Anayekusanya ni mtoto wa kaka yangu.

Mwaka juzi mama mmoja wa chumba cha nne, anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alifikisha miezi mitatu bila kulipa. Chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu ilikuwa 240,000. Usiku mmoja nimetoka zamu, saa tano huku, saa nane kule, nikamtumia kijana ujumbe wa sauti: "Nimechoka. Fanya unavyojua, alipe au atoke." Nikalala.

Asubuhi nikakuta picha. Mlango wa buluu umeng'olewa na kuegemezwa kwenye mwembe, bawaba moja bado inaning'inia na misumari yake. Pale mlango ulipokuwa pametundikwa leso ya rangi ya machungwa, imepigiliwa juu, na chini imekandamizwa kwa matofali mawili upepo usiiinue. Chini ya pindo la leso inaonekana miguu ya mtoto. Kijana ameandika: "Shangazi, kazi imeisha."

Nakiri mbele yenu kwamba kwanza niliridhika. Siku ya pili yake, katika kusoma kwangu Biblia kwa mfululizo, nikafika kwenye mistari hii. Apate kulala na vazi lake. Vazi la yule mama lilikuwa limegeuzwa mlango. Nilikuwa nje kweli, nje ya nchi kabisa, lakini mkono wangu ulikuwa umeingia chumba cha nne na kutoka na kitu.

Nikampigia yule mama. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza habari za baridi. Halafu akasema, "Dada, mwezi wa pili nilimpa kijana 80,000 mkononi." Kijana nilipomuuliza hakukana. Mtoto wake aliugua malaria, pesa ikaenda hospitali, alikusudia kuirudisha. Nilimkasirikia sana, mpaka niliposoma mistari inayofuata, ile ya kibarua: mpe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, maana ni maskini na ameutegemea kwa moyo wake. Kwa miaka minne kijana huyu alikuwa akikusanya kodi, akipanda boda kumfuata fundi bomba, akitukanwa na wapangaji kwa ajili yetu. Sikuwahi kumlipa hata shilingi. Nilisema ni ndugu. Hilo neno ndugu, wapendwa, nililitumia kumdhulumu.

Andiko halisemi deni limefutwa. Rehani inatoka, ila anayeitoa ni mwenyewe. Hata sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji, ya mwaka 2022, hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, wala kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, anaweza kuwakalisha pande mbili mezani. Na ikishindikana, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambao hauhitaji wakili. Zote hizo ni njia za kudai ukiwa umesimama nje. Ni za polepole, najua, na mama anahitaji dawa mwezi huu. Bado ni lazima.

Siku hizi kodi inaingia moja kwa moja kwenye simu ya mama, kijana anaandika kwenye daftari na kunipigia picha ya ukurasa, naye anachukua sehemu yake kila mwezi kabla yetu. Yule mama alimaliza deni lake kwa vipande vya 20,000. Mlango ulirudishwa siku ya tatu. Torati inataka iwe kabla jua halijachwa, kwa hiyo yako machweo mawili ambayo siwezi kuyarudisha, na bado ninayaombea toba.

Juma hili kila mmoja wetu ajiulize: nani anashika funguo za nyumba yetu, anakula nini, na mara ya mwisho nilimtuma kwa wapangaji nilimwambia maneno gani?

Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani. Nilisimama mbele ya chumba cha nne asubuhi, mlango wa buluu uko wazi, nikamwona ndani anachambua mukene kwenye ungo. Nikapiga hodi. Aliinua macho, akanitazama, hakujibu. Nikapiga ya pili, nikangoja.